Vifaranga wa kununua: umpe kuku anayeatamia au uwalee kwenye kinengunengu?

Mfugaji wa kuku wa kienyeji hukutana na hali hii mara kwa mara. Tembe ameng'ang'ania kiota, mayai aliyoyalalia ni viza au boma halina jogoo kabisa, na wakati huohuo duka la pembejeo limetangaza vifaranga wa siku moja. Au mambo yako kinyume: vifaranga wapo, mama yao amebebwa na kicheche, na kuku wa jirani anaatamia. Wazo la kumpa kuku watoto ambao si wake, yaani kuwaasilisha, linakuja lenyewe. Swali ni kama linazidi kuwalea mwenyewe kwenye kinengunengu (sanduku lenye joto la kulelea bila mama), kumwekea kuku mayai mengine aendelee kulalia, au kuwachanganya vifaranga na wa kuku mwingine ambaye tayari ameangua.

Nitazilinganisha njia hizo nne, lakini si kwa urefu sawa, maana mbili hazina mengi ya kuelezwa. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Watu hubishana sana kuhusu tabia ya kuku, kama ni mpole au mkali, kama aliwahi kulea au ni mgeni. Tabia ina nafasi yake, lakini mara nyingi kinachoamua ni umri wa kifaranga. Wa siku moja au mbili hupokelewa hata na kuku mwenye hasira. Wa siku saba hupigwa hata na kuku mpole.

Kwa aliye na haraka:

| Njia | Inafaa zaidi | Inapokwama |
|---|---|---|
| Kuasilisha usiku kwa kuku anayeatamia | Vifaranga 8 hadi 15, umri wa siku 1 hadi 3 | Magonjwa ya kuku mkubwa, kuku kukataa |
| Kinengunengu au bruda | Vifaranga 25 na kuendelea, au waliopita siku 4 | Mkaa, umeme, usingizi wako |
| Kuchanganya na vifaranga wa kuku mwingine | Tofauti ya umri isiyozidi siku 2 au 3 | Mama ameshawatambua wa kwake |
| Kumpa mayai mapya | Kuku aliyeanza kulalia siku chache tu | Wiki tatu za kusubiri, mayai yasiyo na mbegu |

Kwa nini umri una nguvu kuliko tabia

Kuku anapoanza kuatamia mwili wake unatawaliwa na homoni ya prolaktini. Anaacha kutaga, manyoya ya kifuani yanapungua ngozi igusane na yai, anashuka kiotani kwa kawaida mara moja kwa siku ale, anywe, anye kinyesi kikubwa chenye harufu kali, kisha anarudi mbio. Kinachomgeuza kutoka mlalia mayai kuwa mlezi ni kifaranga mwenyewe, kwa sauti yake na kwa kugusana naye chini ya tumbo. Kuku hana kalenda ya siku 21 kichwani. Ndiyo maana aliyelalia wiki mbili anaweza kupokea vifaranga vizuri tu, na wapo wanaopokea hata baada ya wiki moja, ingawa hapo unacheza bahati nasibu. Aliyekaa kiotani siku mbili tatu bado hajakolea. Ukimwekea vifaranga atainuka na kwenda zake, pengine aache na kuatamia kwenyewe.

Kifaranga naye ana saa yake, na hiyo ni fupi zaidi. Siku mbili tatu za kwanza ndizo anazojifunza nani wa kumfuata. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria, aliandika kwa kina juu ya jambo hilo mwaka 1935, akiwa na mabata bukini waliomfuata yeye mwenyewe kama mama. Huhitaji kumsoma ili uone jambo lenyewe bandani. Kifaranga aliyepitisha siku tano chini ya taa ameshajua kuwa joto linatoka kwenye taa na chakula kinaletwa na mkono wa mtu. Kuku akimwita kwa ile sauti ya chini ya kuonyesha chakula, haelewi. Kuku akipanua mabawa ili amfunike, anakimbilia kona. Kuku anaona kiumbe kinachomkwepa, anakihesabu kuwa kuku mgeni, na kuku mgeni hupigwa.

Jambo jingine linalogusa umri ni tumbo. Kifaranga huanguliwa akiwa na mabaki ya kiini cha yai ndani yake, yanayomtosha saa 48 hadi 72 bila kula. Ndiyo sababu vituo vya kutotolesha vinaweza kuwapakia kwenye basi la usiku kutoka Dar es Salaam au Iringa hadi mikoa ya mbali na wakafika hai. Kwa anayetaka kuasilisha, safari hiyo inakula muda uleule unaouhitaji. Vifaranga waliochukua siku mbili njiani wanywe maji kwanza, kila mmoja achovywe mdomo, kabla hujawasogeza karibu na kuku. Ukiwaweka na kiu yao, kuku atawafunika mpaka asubuhi, na aliyekuwa dhaifu utamkuta amekauka chini ya bawa huku mama wa watu akiendelea kumpa joto.

Kuasilisha usiku

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mwenye vifaranga wasiozidi kumi na tano, basi nitakaa nayo zaidi.

Maandalizi yanaanza siku mbili kabla. Ikiwa kuku analalia juu, kwenye dari ya banda, kwenye kapu lililotundikwa au juu ya kabati la jikoni kama wanavyopenda, mhamishe usiku pamoja na mayai yake, umweke chini, mahali palepale atakapolelea. Kifaranga akishuka kutoka kiota cha juu hawezi kupanda tena, na kuku hatoshuka kumfuata mmoja akiwa amewafunika kumi. Kumhamisha usiku uleule wa kuleta vifaranga ni kumpa mishtuko miwili kwa pamoja. Akishahama, siku inayofuata mwangalie kama amerudi kukaa kwa utulivu. Asipotulia hapo, hatatulia ukimwongezea vifaranga.

Siku hizohizo mpake dawa ya unga ya utitiri, chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya kutolea haja. Kuku anayeatamia haogi vumbi kama wenzake, kwa hiyo utitiri na chawa humjaa. Mzigo huo anaouvumilia yeye wa kilo moja na nusu unaweza kummaliza kifaranga wa gramu arobaini. Viroboto wanaoganda kwenye upanga na kope nao waangalie, hasa maeneo ya joto na vumbi. Kiota kibadilishie majani au maranda mapya.

Vifaranga wafike kwa kuku giza likishaingia vizuri, saa mbili au saa tatu usiku. Tumia mwanga hafifu, tochi iliyofunikwa kitambaa. Wasubirishe kwenye boksi lenye joto karibu na banda, sauti zao zisikike kidogo, kwani kuku huanza kuzijibu kabla hajawaona. Kisha ingiza mkono kutoka nyuma au ubavuni, si mbele ya macho yake. Toa yai moja, weka kifaranga mmoja mahali pake, subiri. Weka wa pili. Sasa sikiliza. Kuku akitoa ile sauti ya chini, ya taratibu, kama anazungumza peke yake, kazi imeshika njia. Akijisogeza na kushusha kifua apate kuwafunika, imeshika zaidi. Akinguruma kwa ukali na kudonoa kuelekea sauti ya kifaranga, watoe hao wawili, mwache nusu saa, jaribu tena. Akikataa mara ya pili usilazimishe usiku huo.

Akikubali, waongeze waliobaki kidogokidogo na uondoe mayai, lakini acha yai moja au mawili mpaka kesho yake jioni. Kiota kikiwa kitupu ghafla baadhi ya kuku hubabaika. Mayai hayo usiyasahau. Kuku mwenye mayai na vifaranga kwa pamoja hugawanyika roho, akabaki amekalia mayai huku vifaranga wakitangatanga kwenye baridi.

Saa muhimu kuliko ya usiku ni alfajiri. Usiku kuku alikubali kwa kugusa na kusikia, asubuhi anaona. Saa kumi na moja na nusu uwe umeshafika bandani. Kudonoa kidogo kunaruhusiwa, hata mama halisi hudonoa kifaranga anayemkanyaga usoni. Kinachotisha ni kudonoa kichwani kwa kurudia, kumshika kifaranga kwa mdomo na kumtupa, au kumchagua mmoja wa rangi tofauti na kumkimbiza. Huyo mmoja mtoe, wengine waache. Mimi siamini sana habari ya kwamba kuku mweusi hukataa vifaranga weupe, kwa kuwa wapo wanaolea bata bila wasiwasi. Ninachoamini ni kwamba katika kundi la vifaranga wa rangi moja, yule wa rangi ngeni ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Ukinunua mchanganyiko wa rangi, waingize wote usiku mmoja.

Baada ya hapo, siku mbili tatu wakae ndani ya tenga au chumba kidogo, wasitoke. Huo ndio muda wa kufahamiana. Chakula kiwe kimoja kwa wote, chakula cha vifaranga, na mama ale hichohicho. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno kwa kifaranga, huharibu figo zake, na mama kwa wakati huo hatagi, hana haja nayo. Maji yawe kwenye chombo cha kina kifupi chenye kokoto ndani, kiwe kizito, maana kuku akichakura humwaga kila kitu na kifaranga aliyelowa hana saa nyingi za kuishi.

Kumpa mchana je? Wapo wanaofanya hivyo, hasa kwa koo mzoefu aliyelea mara nyingi, na hufaulu. Faida yake pekee ni kwamba unaona kinachotokea. Ila ukikataliwa mchana unakuwa umemfundisha kuku kwamba hao si wake, na usiku wa siku hiyo unaanza na deni. Sioni sababu ya kuanza na mchana.

Kinengunengu

Kinengunengu, yaani sanduku au mduara wa kulelea vifaranga bila mama, unaopashwa kwa taa ya chemli, chungu cha mkaa au balbu, hakimkatai mtu. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Kifaranga wa siku sita, aliyechelewa kuasilishwa, anapokelewa sawasawa na wa siku moja. Vifaranga mia wanapokelewa kama kumi. Boksi la kawaida la vifaranga mia huwa na vyumba vinne vya ishirini na tano, na hakuna kuku mmoja utakayempa hata robo mbili za boksi hilo.

Gharama yake ni wewe mwenyewe. Wiki ya kwanza joto liwe kati ya nyuzi 32 na 35, kisha lipungue kama nyuzi 3 kila wiki mpaka lilingane na la nje. Kipimajoto kinasaidia, lakini vifaranga husema wenyewe: wakijirundika chini ya chanzo cha joto wana baridi, wakikimbilia ukutani na kuhema wamezidiwa, wakitawanyika na kula wametulia. Usiku wa saa tisa mkaa unapozima hakuna wa kukuamsha. Umeme ukikatika ndivyo hivyo. Na mkaa kwenye chumba kilichozibwa kila upenyo hutoa hewa ya sumu inayoua vifaranga, na watu wanaolala chumba hicho pia, hivyo joto lisitafutwe kwa kuziba madirisha yote.

Hapa eneo unaloishi linabadilisha hesabu. Tanga, Dar es Salaam au Mombasa mwezi Januari, mchana wa wiki ya pili vifaranga hawahitaji moto kabisa, usiku tu. Njombe au Mbeya mwezi Juni na Julai utachoma mkaa mchana na usiku, na kwa vifaranga kumi na wawili hesabu hiyo haikai sawa. Kuku ana joto la mwili la karibu nyuzi 41, hapungui usiku wa manane, halipishi. Kwa idadi ndogo kwenye nyanda za baridi, kuku humshinda mkaa bila mjadala.

Kuna tofauti nyingine inayoonekana baadaye. Vifaranga waliolelewa na kuku hujifunza kula mapema kwa kuonyeshwa, hujua kujificha mwewe anapopita, na kwa kawaida hudonoana manyoya kidogo kuliko waliokulia chini ya taa. Wanaotarajiwa kuzurura kutafuta chakula watafaidika na shule hiyo. Wanaotarajiwa kuishi bandani mpaka siku ya kuuzwa, shule hiyo ni ya bure tu.

Kwenye upande wa wanyama walao vifaranga usimtegemee kuku kupita kiasi. Mwewe anamuogopa tembe mkali, ni kweli. Kunguru wa mjini ni habari nyingine. Tangu aletwe Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ameenea pwani yote, naye huja wawili wawili, mmoja anamchokoza mama na mwingine anabeba. Mjini Dar es Salaam au Unguja, kuku na vifaranga wake wa wiki mbili za kwanza wakae chini ya wavu.

Magonjwa, ambako kuku hushindwa

Wanaosifu kuku mlezi huliruka hili, na ndilo linalonifanya wakati mwingine nimshauri mtu aache.

Vifaranga kutoka kituo cha kutotolesha huwa hawajakutana na kuku mkubwa. Kuku wako wa kienyeji, hata akiwa mzima wa afya machoni pako, anaweza kuwa amebeba minyoo, koksidia (vimelea vya kuhara damu), vimelea vya mafua, hata homa ya matumbo ya kuku. Kwa kuasilisha unawabana vifaranga kwenye manyoya yake tangu usiku wa kwanza. Chukua Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku vijana. Vifaranga wa mayai na wengi wa chotara hudungwa chanjo yake kituoni siku ya kuanguliwa, na kinga hiyo huhitaji takriban wiki moja kujijenga. Virusi vya Marek husambaa kwa vumbi la manyoya ya kuku wakubwa. Kinengunengu kilichosafishwa, kilicho mbali na banda la wakubwa, kinampa kifaranga wiki hiyo. Kuku mlezi hampi hata saa moja. Kama boma lako limewahi kuwa na kuku vijana wanaopooza miguu, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, usiasilishe vifaranga wa gharama. Tumia kinengunengu, au lea wa kienyeji wa hapohapo.

Chanjo nazo zinatofautiana kwa urahisi. Ya kideri, ambayo wengine huiita mdondo, iliyo nyepesi kwa mfugaji mdogo ni I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingi na hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huko Kibaha. Ni tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa kuku mkubwa vilevile, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwenye kinengunengu unawashika mmojammoja mchana kweupe. Kwa kuku mlezi unasubiri usiku, unamulika tochi, na mikono inadonolewa, ila kazi inafanyika. Mchanje na mama kabla hajaanza kuatamia, siyo akiwa kiotani.

Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku wadogo, ndiyo inayosumbua. Chanjo yake hutolewa kwenye maji ya kunywa, wiki ya pili na kurudiwa kufuatana na ratiba ya afisa mifugo wako, na vifaranga wanatakiwa wawe na kiu ya saa moja au mbili ili wote wanywe kwa pamoja. Kwenye kinengunengu unaondoa maji, unarudisha yenye chanjo, basi. Vifaranga wanaozurura na mama watakuwa wameshakunywa kwenye dimbwi la bafuni, na mama atakunywa nusu ya dawa. Siku ya chanjo hiyo wafungie ndani wote tangu usiku, na mama umtenge kwenye tenga lililo karibu wakionana.

Kuhara damu, yaani koksidiosi, kunapendelea unyevu. Masika, kuku akiwatoa vifaranga alfajiri kwenye majani yenye umande, wanalowa na wanakanyaga udongo uliojaa kinyesi cha zamani. Wafungulie jua likishakausha nyasi. Kwa upande huu sioni kinengunengu kikishinda moja kwa moja, maana maranda yaliyolowa kando ya chombo cha maji huzaa ugonjwa uleule ndani ya sanduku.

Kuwachanganya na wa kuku mwingine

Njia hii wafugaji wa kienyeji wanaijua kwa jina la kutotolesha kwa pamoja. Kuku wawili au watatu wanawekewa mayai siku moja, wa kwanza kuatamia akisubirishwa kwa yai moja la kumdanganya, wanaangua pamoja, kisha vifaranga wote wanapewa mmoja na wenzake wanarudi kutaga. Faida ni kubwa kwa mayai. Kuku wa kienyeji akitaga, akaatamia na kulea mpaka mwisho hupata mizunguko mitatu hivi kwa mwaka. Asiyelea hurudi kutaga mapema zaidi.

Inafanya kazi kwa kuwa vifaranga wana umri mmoja. Tofauti ikizidi siku tatu, mama ameshawajua wa kwake kwa sauti na kwa macho, na mgeni anatambulika. Juma moja likipita, usijaribu. Kadhalika usiwafungie kuku walezi wawili chumba kimoja kidogo ukitarajia walee kwa ushirikiano. Wapo wanaoelewana, lakini wakigombana wanaokanyagwa ni vifaranga.

Mayai badala ya vifaranga

Kama kuku ameanza kulalia jana na juzi, kumpa mayai yenye mbegu ni bora kuliko kutafuta vifaranga. Hakuna kukataliwa, hakuna usiku wa tochi, na mayai ni nafuu. Unalipa kwa siku 21 na kwa hatari ya mayai yaliyobebwa kwenye bodaboda yakatikiswa. Kuku aliyekwisha kulalia wiki mbili na nusu usimwongezee wiki tatu nyingine. Anakula kidogo sana kipindi hicho, anakonda, na akimaliza hana nguvu ya kulea.

Idadi na aina

Kuku mdogo wa kienyeji hufunika vizuri kumi hadi kumi na wawili, mkubwa kumi na watano, na kwenye joto la pwani unaweza kusogeza kidogo. Kipimo ni usiku wa tatu: ukimulika ukaona vifaranga wamelala nje ya mabawa, umempa wengi. Ukiwa na ishirini hadi ishirini na tano, tafuta kuku wawili vyumba tofauti, au mpe mmoja kumi na wawili na wengine kinengunengu. Kati ya kumi na tano na ishirini na tano ndipo watu huumizwa na tamaa.

Sasso na Kuroiler, aina za chotara wanaouzwa sana Tanzania na Uganda, huasilishwa vizuri wakiwa wa siku moja. Shida yao ni ukuaji. Wiki ya tano wanakuwa hawaenei tena chini ya tembe mdogo, wanamwinua akikaa, hivyo waandalie kona kavu isiyo na upepo mapema. Usitegemee wao watakuja kuwa walezi wako, maana kwa nadra huatamia. Broila usimpe kuku. Anachinjwa wiki ya tano au ya sita, mwili mzito hauwezi kumfuata mama shambani, na chakula chake si cha kugawana. Mitetea ya mayai nayo hununuliwa kwa mamia, kinengunengu kimeshaamuliwa na idadi.

Kupanga tarehe

Vifaranga wa siku moja kwa kawaida huagizwa mapema, hawakai dukani wakisubiri kuku wako. Andika siku kuku alipoanza kukaa kiotani usiku kucha, siyo siku alipotaga yai la mwisho. Lengo la kupokea vifaranga liwe kati ya siku ya 14 na ya 21, na wiki ya tatu ni bora zaidi. Mpigie mwuzaji simu kuku akifikisha wiki moja, umuulize mambo matatu: vifaranga wataanguliwa lini, wamechanjwa nini, na wataondoka kwa basi gani. Akikwambia watafika wakiwa na siku nne, nunua mkaa. Akikwambia boksi ni la wiki tatu zijazo, tafuta mayai kumi yenye mbegu leo jioni uyaweke.

Na hata kama kila kitu kimekaa sawa, sanduku lenye taa liwe tayari pembeni usiku ule wa kwanza. Kuku akikataa saa tano usiku, huna duka la kwenda.